Damu ya Maalim na Safari za Ijumaa

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyeipa damu njia zake gizani na akalijua kila tone linakopita, aliyeniachia pumzi hadi leo na macho yanayouona mstari ninaouandika. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na aali zake, na masahaba zake, na waja wema waliotutangulia. Ninayoyaeleza hapa ni mambo madogo. Nimeyanyamazia miaka mingi. Wote waliohusika wamekwisha tangulia mbele ya haki isipokuwa mimi, kwa hiyo sitamwaibisha mtu ila nafsi yangu.

Miaka ya mwanzo ya sabini nilikuwa msaidizi wa maabara katika hospitali ndogo ya mjini kwetu, Bagamoyo. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha nyuma ambacho dirisha lake lilitazama ukuta. Ndani mlikuwa na hadubini moja, mashine ya kuzungushia damu kwa mkono, na friji ya mafuta ya taa iliyotoa moshi zaidi kuliko baridi. Kutwa nzima nilitazama malaria, kichocho na safura. Ilikuwa kazi ya halali, na nilimshukuru Mungu kwa kunipatia, lakini haikuwa kazi ya kumpa mtu marafiki.

Watu wa pwani tangu zamani wana habari ya mumiani, mtu anayewanyonya wenzake damu ili ikafanywe dawa huko ng'ambo. Mimi nilitembea mjini na sanduku la sindano. Unaweza kukisia waliniitaje. Watoto walikimbia. Mama mmoja aliyekaanga samaki karibu na sokoni hakuacha kunitania kila nilipopita.

"Bwana Damu! Leo umejaza debe au bado?"

"Bado nusu, mama. Nimekuja kukuomba wewe unikamilishie."

"Yangu chumvi tupu, itakuvunjia chupa zako!"

Wateja wake wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini hakuna aliyenikaribisha kukaa. Mke wangu hakuweza kucheka. Kisimani walimwachia nafasi kubwa mno, kila mmoja akisogeza ndoo yake kando. Mwaka wa tatu wa ndoa yetu alikwenda kwao Pangani kumuuguza mama yake, na kutoka huko akaniandikia barua ya adabu sana akiomba talaka. Nikampa. Mungu hakutujaalia mtoto. Baada ya hapo nilijifunza kupika wali wa mtu mmoja, na nakwambia ni mgumu kuupima kuliko wa watu wanane. Kila siku ulibaki.

Mtu pekee ambaye nyumba yake niliingia bila kubisha hodi mara mbili ni Maalim wangu wa chuo. Wazazi wangu walikufa nikiwa na miaka sita. Yeye ndiye aliyenichukua, akanilaza chumba kimoja na juzuu zake, akanifundisha Kurani hadi nikahitimu, kisha akanisomesha fiqhi mlango kwa mlango. Aliishi Kaole, mwendo mfupi kwa baiskeli kusini mwa mji, katika nyumba ya udongo yenye baraza pana. Alikuwa mjane. Binti zake wawili walikuwa wameolewa mbali, mmoja Unguja na mwingine Pangani. Jirani alimpikia, na watoto wa chuo walimchotea maji. Mtu wa kumuuguza hakuwa naye, ila mimi.

Maradhi yake yalianza kwa kushindwa kukojoa. Alivumilia kwa haya hadi siku aliposhindwa kabisa, nikampeleka Dar es Salaam kwenye hospitali kubwa. Wakampasua. Daktari, mtu mpole aliyezungumza polepole, aliniita pembeni baada ya siku kadhaa akaniambia kwamba ile tezi ya wanaume, iliyo chini ya kibofu, ilikuwa na kansa.

"Tumeiondoa tuliyoiona," alisema. "Tusiyoiona ndiyo inayonitia wasiwasi. Ugonjwa huu hupenda kwenda kwenye mifupa, na huenda kimyakimya."

"Sasa tutajuaje, daktari?"

"Damu itatuambia. Tezi ile hutoa kitu fulani kinachoingia kwenye damu. Kwa mtu mwenye afya kitu hicho huwa kidogo. Ugonjwa ukisambaa, kinaongezeka, na huongezeka kabla mgonjwa mwenyewe hajahisi lolote. Kila mwezi tupime. Nambari ikibaki chini, tunamwacha apumzike. Ikipanda, tunampa vidonge mara moja. Ni vidonge vizito, vinavimbisha miguu na kuuchosha moyo, kwa hiyo sitampa mzee bila ya sababu. Lakini vikitakiwa, visichelewe."

Basi mambo yote yakasimama juu ya nambari ile moja. Maalim hangeweza kukaa kwenye benchi la basi kila mwezi kwa barabara ya siku zile, ambayo ilimtikisa hata kijana hadi meno. Tukakubaliana kwamba mimi nitamtoa damu Kaole na kuipeleka Dar. Maabara ya huko walifanya kipimo kile Jumamosi asubuhi tu, na walipokea chupa mpaka Ijumaa saa kumi alasiri. Mtaalamu aliyekifanya alikuwa mama mmoja wa Bara, mnene, mcheshi, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliniambia neno moja tu siku ya kwanza:

"Ndugu wa Bagamoyo, barafu isiishe njiani. Umenisikia?"

"Nimekusikia, dada."

Ijumaa ya kwanza nilifika Kaole kabla Maalim hajanywa chai. Nilimkuta barazani akigandisha kurasa za msahafu uliochakaa, kwa wanga, akizibonyeza moja moja kwa ncha ya kidole.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na meno yako?"

"Nimekuja nayo." Nikafungua sanduku.

Alinyoosha mkono, akageuza uso kando. "Ulipokuwa mdogo ulinichotea maji, ukamwaga nusu njiani," alisema. "Leo unanichotea damu. Usimwage."

Nilisema bismillahi, nikachoma. Hakushtuka. Nikarudi mjini, nikaiacha damu igande, nikaizungusha, nikayamimina yale maji ya manjano yanayobaki juu katika chupa ndogo na kuifunga kwa kizibo cha mpira. Chupa ile niliiweka kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga lililojaa barafu na pumba za mpunga, na kopo nikalitia kikapuni. Saa nne basi likaondoka.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Basi lile lilikuwa la polepole. Lilisimama Zinga kupakia mihogo, likasimama tena kila penye mtu aliyenyanyua mkono. Dereva alikuwa Mwislamu mzuri, na Ijumaa hakuupita msikiti. Baada ya Zinga, mwendo wa kutosha, palikuwa na msikiti mdogo kando ya barabara, na hapo saa sita na nusu alizima injini. Wanaosali wakashuka kusali, wasiosali wakakaa chini ya kivuli kula machungwa.

Nilibaki nimekaa na kikapu mapajani. Nilijua mambo mawili, yote mawili nimeyapokea kwa Maalim mwenyewe. La kwanza, mtu anayetoka mjini kwake siku ya Ijumaa baada ya alfajiri, safari yake hiyo haimwondolei Ijumaa. Akiikuta njiani, aisali. La pili, damu ni najisi, na maji yaliyotoka kwenye damu hukumu yake ni ya damu. Anayesali huku amebeba chupa yenye najisi, hata ikiwa imezibwa, sala yake haisihi, wala najisi haiingizwi msikitini. Kwa hiyo nilipaswa kusali, na kikapu hakikuweza kwenda nami. Ningeweza kumpa mmoja wa wale waliokaa kivulini anishikie. Lakini je, angechungulia? Angeona chupa ya maji ya manjano ndani ya barafu, katika kikapu cha mtu asiyemjua, akapiga kelele ya mumiani, na watu wakatoka msikitini. Mambo hayo yalikwisha tokea, na watu waliumizwa.

Nikakisukuma kikapu chini ya kiti, nikakifunika kwa kanga kuukuu, nikashuka.

Hotuba ya siku ile ilikuwa ndefu. Baada ya sala watu walipeana mikono, dereva akasalimiana na mashemeji zake. Niliporudi, bati la basi lilikuwa limewaka jua kama kikaango. Nilifungua kopo. Barafu ilikuwa maji, na maji yenyewe vuguvugu. Nikainua chupa nikaitazama kwenye mwanga: safi, ya manjano, haina utando. Nikafungua kizibo kidogo nikanusa. Haina harufu. Mimi ni mtu wa pwani. Nilidhani damu huharibika kama samaki, kwamba utaona jicho limefifia, utanusa. Nikajiambia haina neno.

Hata hivyo niliona haya. Tulipofika Dar sikuenda moja kwa moja hospitali. Niliingia duka moja la soda karibu na kituo, nikanunua barafu, nikajaza kopo upya, nikaliacha lishike baridi. Ndipo nikalipeleka. Yule mama aligusa chupa kwa nyuma ya mkono wake.

"Ah, safi! Baridi kama maji ya mtungi. Wangekuwa wote kama wewe, ndugu!"

Nikatabasamu. Sikumtajia duka la soda.

Jumamosi akaniita. "Mbili na nusu," alisema. "Mzee wako ni kijana." Daktari naye akafurahi. Nilirudi Bagamoyo kwa basi lilelile, nikaendesha baiskeli mpaka Kaole jua likiwa bado kali, na Maalim aliposikia akasujudu palepale juu ya mkeka, sijida ya shukrani. Mwezi wa pili: mbili. Mwezi wa tatu: mbili na kidogo. Kila mara dereva alisimama msikitini, nami nikasukuma kikapu chini ya kiti, na kila mara nikapitia duka la soda. Ilikwisha kuwa desturi ya safari, kama vile kukata tiketi. Baada ya nambari ya tatu Maalim alialika wazazi wa watoto wa chuo, tukasoma maulidi fupi barazani, na mama mmoja akaleta kaimati. Nilikaa mwisho wa jamvi. Hakuna aliyekaa karibu nami, lakini siku ile sikujali. Nilijiona mimi ndiye niliyeileta furaha ile, ndani ya kikapu.

Mwezi wa nne niliona anatembea akishika ukuta.

"Nini, Maalim?"

"Uzee umeingia kiunoni. Umeleta mizigo yake, unataka kukaa."

Alikuwa akiwafundisha watoto kwa kukaa juu ya kiti, jambo ambalo sikuwahi kuliona maishani mwangu. Nilimweleza daktari. Akatazama nambari: mbili. Akasema mifupa ya wazee huuma, huenda ni baridi yabisi, akaandika dawa ya kuchua. Nilimchua mwenyewe, jioni tatu kwa juma. Chini ya kiganja changu nilihisi jinsi alivyojikaza asinionyeshe. Nilirudi nyumbani kwangu kwa baiskeli nikiwa na harufu ya dawa ile mikononi, nikapika, nikala, na wali ukabaki. Kitu fulani kilinisumbua, lakini nambari ilikuwa imesema, na mimi nilikuwa mtu wa nambari.

Mwezi wa tano gari la hospitali lilikuwa linakwenda Dar siku ya Alhamisi kuleta madawa, na mganga mkuu akaniruhusu nipande. Nilimtoa Maalim damu asubuhi ile. Dereva wa gari lile alikuwa Mkristo wa Morogoro aliyependa mwendo. Hatukusimama popote. Saa tano tulikuwa Dar, na barafu koponi bado ilikuwa vipande vyenye pembe. Sikupita duka la soda. Hapakuwa na haja. Chupa ikaingia katika friji yao. Nami nikakaa kwa jamaa mmoja mpaka Jumamosi.

Yule mama wa maabara hakuniita "Ndugu wa Bagamoyo" kama kawaida yake. Alitoka mwenyewe mlangoni akanifanyia ishara kwa kidole.

"Njoo. Kaa hapo." Alivua miwani. "Nimepima mara mbili. Kumi na tisa."

"Umechanganya chupa, dada."

"Mimi? Miaka yote hii?" Alinitazama kwa muda. "Mwezi uliopita mbili, mwezi huu kumi na tisa. Hakuna mtu anayepanda hivyo kama mchicha. Hebu niambie, safari hii ulikuja vipi?"

Nikamwambia. Gari la hospitali, Alhamisi, hatukusimama.

"Na siku nyingine?"

"Kwa basi. Ijumaa."

"Basi linasimama?"

"Linasimama. Watu wanasali."

"Muda gani?"

"Saa moja. Pengine zaidi."

"Na chupa inakuwa wapi, ndugu yangu?"

Nilitazama sakafu. "Ndani ya basi."

"Lakini ilinifikia na barafu. Mimi mwenyewe niliigusa."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, na nilichelewa kusema. Nilisikia mtu akiosha vioo chumba cha pili. Kisha nikamweleza habari ya duka la soda, yote, mwezi baada ya mwezi.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Aliivaa tena miwani yake, akasema taratibu kama mtu anayemfundisha mtoto:

"Kitu tunachokipima hakiozi kama nyama. Kinakufa kwa joto, bila harufu, bila rangi. Saa moja juani, nusu imekwenda. Mbili, zaidi. Ukikirudisha kwenye barafu hakifufuki. Mimi nikipima nakuta kidogo, naandika kidogo. Miezi yote ile ulikuwa ukiniletea maji, nami nikakwambia mzee ni kijana." Akashusha pumzi. "Nami nina langu. Nilikwambia barafu isiishe, sikukwambia kwa nini."

Alinipa chupa ndogo yenye asidi iliyonuka kama siki kali. Tone moja, alisema, ukishatenga yale maji, hukishikilia kisife upesi. Na barafu pia, usiiache. Akanipeleka kwa daktari. Daktari alisikiliza, akaniomba damu nyingine ili ahakikishe kabla ya kuanza vidonge, iletwe Jumatatu, atafanya mpango ipimwe siku hiyohiyo.

Nilirudi Bagamoyo jioni ile. Nilikaa dirishani na hakuna aliyezungumza nami, na kwa mara ya kwanza niliona ni haki yangu. Jumapili baada ya alfajiri nilikwenda Kaole.

Njiani nilitunga maneno. Nilifikiria kusema kwamba chupa ilivunjika, ndiyo maana nataka damu tena. Nilifikiria kusema kwamba hospitali wanataka kuhakikisha tu. Yote yangewezekana, naye angeniamini, kwa sababu hakuwahi kunishuku. Hilo ndilo lililonifunga mdomo. Nilipomkuta alikuwa amelala kitandani kwa ubavu, mto katikati ya magoti, na kitabu kifuani.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Mbona umekuja na uso wa mtu aliyekula dawa?"

Nilikaa chini, nikamweleza. Nambari ya kweli. Msikiti. Kiti. Jua. Yeye alinisikiliza macho yakiwa juu ya makuti. Nilipomaliza nilibaki nimeinamisha kichwa.

"Ulisali?" aliuliza.

"Nilisali."

"Ukiwa unafikiria nini?"

Sikutegemea swali lile. "Nikifikiria kikapu."

"Basi hukusali wala hukusafiri." Akacheka, na kicheko kikamuuma, akashika kiuno. "Mlango wa najisi ulinisomea bila kukosea. Na Ijumaa ya msafiri, uliijua. Je, mlango wa udhuru? Anayemuuguza mgonjwa asiye na mtu mwingine, Ijumaa imemwondokea. Huo hukuusoma?"

"Niliusoma, Maalim."

"Aa, uliusoma. Siku ile uliusoma huku unatazama nje, walikuwa wanachinja ng'ombe kwa jirani. Nakumbuka mimi." Akageuza shingo kunitazama. "Hukuniona mimi ni mgonjwa asiye na mtu mwingine?"

Nadhani kweli ni kwamba yeye hakuwa na mtu ila mimi, na mimi sikuwa na mtu ila yeye, lakini nilikuwa sijawahi kulisema hata moyoni. Kwangu yeye alikuwa Maalim. Sikumweka kabisa katika hesabu ya watu wanaohitaji mtu.

"Na barafu ya pili?" aliuliza. "Ile ya dukani?"

"Nilinunua ili wasinione mzembe."

"Hiyo haina mlango. Hiyo utubie."

"Nimetubia, Maalim. Nisamehe na wewe."

"Nimekusamehe kabla hujapanda baiskeli." Akakunja mkono wa kanzu, akaunyoosha mkono wake juu ya mto. Ulikuwa umekonda, na mshipa ulisimama wazi kama kamba. "Chota. Na safari hii usishuke."

Sikushuka. Nilitia tone la asidi, nikalijaza kopo barafu, nikaiongeza usiku, na Jumatatu alfajiri nikapata nafasi mbele katika lori la nazi lililokwenda moja kwa moja. Nambari ilikuwa ishirini. Daktari akaandika vidonge siku ile ile. Nilimuuliza kama miezi ile iliyopotea ndiyo itakayomwangamiza. Aliangalia kalamu yake. "Huenda ingekuwa hivyohivyo," alisema. "Huenda angepata muda zaidi kidogo, bila maumivu. Siwezi kukwambia, na usimwamini atakayekwambia."

Vidonge vilifanya kazi. Katika majuma matatu maumivu yalipungua, na siku moja nilimkuta amekaa mkekani na watoto, kiti kimesukumwa ukutani. Nambari ilishuka: kumi na moja, saba, nne. Hizi zilikuwa nambari za kweli, na nilimletea kila moja. Aliziandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu pembeni ya ukurasa wa mwisho wa daftari lake la majina ya wanafunzi, kama kwamba damu yake nayo ilikuwa mwanafunzi anayehudhuria. Miguu ilivimba, kama daktari alivyoonya. Alivaa viatu vya kanda vilivyokatwa kisigino. Tulipata karibu mwaka mzima namna hiyo, na namshukuru Mungu kwa kila mwezi wake. Safari zangu nilizihamishia Alhamisi. Yule mama alikubali kuziweka chupa katika friji yake, na kila nilipofika aliuliza kwanza kuhusu mzee, ndipo akagusa kopo.

Kisha nambari ikaanza kupanda tena, pole pole, na vidonge havikuizuia. Nilimwambia. Mara ya tatu ilipopanda, nilipofungua sanduku la sindano, aliweka kiganja chake juu ya mkono wangu.

"Imetosha," alisema. "Wewe unajua, nami najua. Usiende Dar tena kwa jambo tunalolijua. Kaa hapa unisomee."

Nikafunga sanduku. Nikamsomea mpaka adhuhuri, naye alinisahihisha mara moja, katika madda, mvuto wa sauti, niliyoikata fupi. Niliomba likizo ya mwezi, nikahamia Kaole na mkeka wangu. Wali nikapika wa watu wawili, ingawa yeye alikula vijiko vichache. Tulizungumza kidogo. Nilikuwa nimemjua kama mwalimu miaka thelathini; siku zile chache nilimjua kama mtu mzee anayeogopa kugeuzwa ubavu, anayependa maji ya dafu asubuhi, anayewaota binti zake. Niliwapelekea habari. Wa Pangani alifika kwa wakati. Wa Unguja alifika siku ya tatu ya msiba.

Alifariki asubuhi, watoto wa chuo wakiwa wamekwisha anza kusoma nje, na kwa muda mrefu hakuna aliyewanyamazisha, kwa sababu hakuna aliyejua afanyeje.

Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Nilipofika mkono wa kulia nikaona, katika kunjo la kiwiko, alama zangu. Zilikuwa nyingi, ndogo, nyingine zimefifia, nyingine bado zina rangi ya zambarau. Ningeweza kuzihesabu na kusema hii ni ya mwezi wa nambari mbili, hii ya kumi na tisa. Mzee aliyekuwa ananimiminia maji aliniuliza kama kuna kitu. Nikasema hakuna. Nikauosha mkono ule mara tatu kama nilivyouosha baadaye wa kushoto, sikuzidisha wala sikupunguza, kwa sababu hivyo ndivyo alivyonifundisha, na safari hii nilitaka nifanye kama inavyotakiwa, mwanzo hadi mwisho, akiwa mikononi mwangu.

Alhamisi iliyofuata niliamka mapema nikatayarisha sindano. Nilikuwa nimekwisha toa baiskeli nje ndipo nikakumbuka. Nikairudisha ndani, nikaenda kazini kwa miguu.

Nilifanya kazi ile mpaka nilipostaafu. Kila aliyeniletea damu ya mgonjwa kutoka Mkange au mahali pengine pa mbali, nilimkalisha na kumwuliza ilikuwa wapi njiani, na ilikaa muda gani, na nilimweleza kwa nini nauliza. Wengine waliniona msumbufu. Mungu awalipe subira yao.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akuhifadhie mwili wako na yaliyofichika ndani yake. Akikujaalia kuugua, akupe wa kukunyooshea mto na kukusomea. Na akikujaalia kumuuguza mtu, akufungulie macho umwone kabla hujachelewa. Ayafute makosa uliyoyafanya ukidhani unatii, na yale uliyoyafanya ukijua. Amina.